Mgeni Aliyesema "Chochote": Mlo na Kadi Yake katika Harusi za Bunju

Katika adabu za Waswahili mgeni akiulizwa atakula nini hujibu kwa neno moja, nalo ni "chochote"; na mwenyeji aliyelelewa vema haulizi kabisa, kwa kuwa kumwuliza mgeni haja ya tumbo lake ni kama kumpimia, na kumpimia mgeni ni aibu ambayo wazee wetu waliikimbia kuliko walivyoukimbia umaskini. Adabu hiyo ni njema, nami nimelelewa nayo, wala siandiki makala haya ili kuivunja. Lakini nimeishi Bunju miaka ya kutosha, nimekaa katika kamati za harusi za ndugu na majirani mara nyingi, na nimeona jinsi neno hilo dogo, likisemwa na wageni 300 katika ukumbi mmoja, linavyoweza kumlaza mtu na njaa mbele ya vyombo vilivyofurika chakula.

Nianze na tukio lililonitia katika fikira hizi. Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu alimwoza binti yake, na karamu ikafanyika katika ukumbi ulio kando ya Barabara ya Bagamoyo, mwendo mfupi kutoka kwetu. Nami nikapewa ukatibu wa kamati ndogo ya chakula, kazi niliyoipokea kwa furaha kwa kuwa nilidhani ni kazi ya kuhesabu mchele na mbuzi tu. Chakula kilikuwa kingi na kizuri: pilau ya nyama ya ng'ombe, wali wa nazi, kuku wa kukaanga, ndizi za nyama, kisamvu, kachumbari, matunda ya kila namna, na ndafu wawili, yaani mbuzi wazima waliochomwa kwa mtindo wa watu wa Kilimanjaro, ambao siku hizi hawakosekani hata katika harusi za watu wasiopata kuuona mlima huo. Miongoni mwa wageni alikuwapo bibi yake bi harusi kwa upande wa mama, Mwislamu mcha Mungu kutoka pwani ya Pangani, aliyesafiri kutwa nzima kwa basi ili amwone mjukuu wake siku ya furaha yake. Alipofika mbele ya meza ya chakula alimwuliza kijana aliyeshika upawa, "Mwanangu, nyama hii kachinja nani?" Kijana, aliyekodiwa na mpishi kwa usiku ule mmoja, akasema, "Sijui, bibi." Akauliza tena kama kisamvu kimetiwa karanga, maana karanga humdhuru, kijana akasema hilo nalo halijui. Bibi akamshukuru, akachukua kipande cha tikiti na ndizi mbivu mbili, akarudi kitini pake, na walioketi naye walipomwuliza mbona hali, akawajibu kwa murua wake wote kwamba ameshiba.

Habari hizi tulizipata kesho yake kwa kinywa cha mjukuu, na zilitutahayarisha vibaya, kwa sababu ng'ombe yule na mbuzi wale wote walichinjwa na Mwislamu, asubuhi ile ile, mbele ya macho yangu. Tulikuwa tumeliwaza jambo hilo mapema, tukamtafuta mchinjaji, tukamlipa ujira wake. Nilijua mimi, alijua mpishi, alijua mchinjaji mwenyewe. Mwenye haja ya kujua hakujua, na ukumbini hapakuwa na karatasi wala sauti ya kumwambia. Chakula chake kilikuwapo, lakini hapakuwa na neno la kumfikisha kwenye chakula hicho.

Wazee hawakuihitaji karatasi hiyo, na inafaa tuone kwa nini. Bagamoyo, mji ulioipa barabara yetu jina, una mwana wake Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalikusanywa na Mjerumani Carl Velten na kupigwa chapa Ujerumani mwaka 1903. Humo zimo habari za posa, za ndoa na za karamu, na anayezisoma leo hutambua mambo mengi ambayo bado yangaliko katika vijiji vya pwani. Walima wa pwani, kama nilivyoukuta katika ujana wangu, ulikuwa na mlo mmoja kwa wote. Majamvi yalitandikwa barazani na uani, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Birika na bakuli vilipitishwa watu wakanawa. Kisha sinia la pilau likashushwa katikati ya watu wanne, watano au sita, likiwa limefunikwa kawa, na kila mmoja akala upande wake bila ya kuingilia upande wa mwenziwe. Hapakuwa na kuchagua. Walakini, hapakuwa pia na mgeni asiyejulikana. Waliopika walikuwa jirani na jamaa, waliokuwa wamekesha pamoja mbele ya madishi, na kila mmoja wao alijua nani katika mtaa hali pweza, nani akila papa huwashwa mwili mzima, nani kakatazwa nyama ya mbuzi na mganga au na mizimu ya ukoo wake; na mtu huyo sinia lake liliandaliwa kwa namna yake, kimya kimya, naye hakulazimika kufungua kinywa. Orodha ya vyakula ilikuwamo vichwani mwa wanawake wa mtaa.

Lugha yetu yenyewe inashuhudia kwamba jambo hili halikuletwa juzi na wageni. Neno "mwiko" ni kile kijiti kipana cha kusongea ugali na kupakulia wali, na ndilo neno hilo hilo la jambo ambalo mtu kakatazwa. Neno "mzio", ambalo madaktari wetu hulitumia leo kwa maradhi ya mwili kukataa chakula fulani, kwa wazee lilikuwa ni chakula ambacho mtu hali kwa sababu ya ukoo, uganga au dhara aliyokwisha kuiona. Lugha ambayo imeweka chombo cha kupakulia na katazo la kula chini ya jina moja si lugha ya watu waliodhani kwamba kila mgeni hula kila kitu.

Sasa tuitazame Bunju yenyewe. Nakumbuka pande hizi zilipokuwa mashamba, mikorosho na minazi, na nyumba moja hapa na nyingine kule. Leo ukipita kutoka Tegeta kwenda Boko na Bunju mpaka Mabwepande utaona mji umepanda vilima, nao ni mji wa watu waliotoka kila pembe. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ya mwaka 2022 ikawahesabu 5,383,728. Milioni moja na zaidi katika miaka kumi, na sehemu kubwa yao hawakupata mahali katikati ya mji, wakaja huku pembezoni ambako kiwanja kilikuwa kinapatikana. Wengine hawakuja kwa hiari: baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia zilizokuwa zikikaa katika Bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, zikaanza maisha upya katika mahema. Kwa hiyo mtaa mmoja wa Bunju una Mzaramo mwenye asili ya hapa, na Mchaga, na Mhaya, na Mnyakyusa, na Msukuma, na Mpemba mwenye duka, na mstaafu wa serikali aliyejenga kwa kiinua mgongo; wote wanazikana na kuozana, lakini hakuna ajuaye mwenziwe hali nini.

Na harusi yenyewe imebadilika. Haiandaliwi tena na mtaa, bali na kamati: ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, nayo hukutana kila wiki kwa miezi mitatu au minne, huku michango ikiingia kwa simu. Mwenye kuchanga hupewa kadi, ya "singo" ikiwa ni ya mtu mmoja na ya "dabo" ikiwa ni ya wawili, na kadi hiyo ndiyo itakayotazamwa mlangoni. Sisemi hili kwa kulaumu, maana kwa michango hiyo vijana wengi wasio na mali wameoa kwa heshima. Lakini tazama kamati inachokijua juu ya mgeni: jina lake, nambari ya simu yake, kiasi alichochanga, na kama anakuja peke yake au wawili. Yale waliyokuwa wakiyajua wanawake wa mtaa hayamo katika daftari la mweka hazina.

Kwa hiyo na tuyataje, kwa kuwa watu wengi wenye nia njema huyakosea kwa kutoyajua tu. Waislamu hawali nyama ya nguruwe, na nyama nyingine hawaili isipochinjwa kwa sharia. Na ndiyo maana kwa desturi ya miaka mingi katika miji yetu mchinjaji wa karamu ya watu wa dini mbalimbali huwa Mwislamu, ili wote wale pamoja. Asidhani msomaji kwamba hili ni jambo dogo. Mwanzoni mwa mwaka 2013, kule Buseresere katika mkoa wa Geita, ugomvi juu ya nani achinje nyama ulifika mpaka kumwaga damu, na mchungaji mmoja aliuawa. Kitu ambacho kimepata kuua mtu hakistahili kuachwa kwa kijana wa kukodiwa aseme "sijui".

Wasabato nao hawali nguruwe, wala samaki asiye na mapezi na magamba. Kambale, papa, taa, pweza, ngisi, kamba na kaa, vyote kwao ni haramu, nao wengi hawanywi hata chai ya rangi au kahawa. Mashia Ithnaasheri, ambao mjini Dar es Salaam si wachache, hali yao kwa samaki asiye na magamba ni hiyo hiyo, ila kamba wao humla. Ilhali Mwislamu wa pwani mwenye kufuata madhehebu ya Shafii hula chote kitokacho baharini. Mhindu hali ng'ombe, na wengi wao hawali nyama yoyote. Na jamaa wa dini ya Kijaini huacha hata viazi, vitunguu na saumu, kwa kuwa mmea uking'olewa na mzizi wake huangamizwa pamoja na viumbe vilivyomo ardhini. Mkatoliki hujinyima nyama siku za Ijumaa za Kwaresima. Kisha wako wenye maradhi: mwenye kisukari, ambaye wali mwingi na soda ni sumu kwake, mwenye shinikizo la damu aliyekatazwa chumvi, na mwenye mzio wa karanga, ambaye kijiko kimoja cha mchicha chaweza kumvimbisha midomo na koo na kumziba pumzi kabla gari halijafika hospitali.

Huyo wa mwisho ndiye anitiaye hofu kuliko wote, maana vyakula vyetu vitamu huficha vilivyomo ndani yake. Mtu anayetazama kisamvu kilichoungwa kwa nazi hawezi kujua kwa macho kama kimetiwa karanga za kusagwa au la. Mpishi wa Tanga na mpishi wa Singida hawaungi namna moja. Pilau hupikwa kwa mchuzi wa nyama, kwa hiyo asiyekula nyama hafai kuambiwa aondoe vipande vya juu ale mchele. Maharage ya sherehe mara nyingi hutiwa supu ya ng'ombe ili yakolee. Ndizi zinazoonekana tupu zaweza kuwa zimechemshiwa katika supu ya utumbo, na mtori una nyama ingawa haionekani. Mafuta yaliyokaangia samaki ndiyo hayo hayo yatakayokaangia viazi, na upawa uliotoka katika chombo cha kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, palipo nayo, huingizwa katika chombo cha pili na mtu asiyejua madhara yake. Mpishi anayajua haya yote kwa kuwa ameyatenda kwa mkono wake. Shida ni kuyatoa jikoni yafike mezani.

Ndipo linapokuja suala la kadi ya mlo, au menyu kama watu wasemavyo. Neno hilo ni la Kifaransa, na asili yake ni jambo lililochambuliwa moja moja mpaka dogo lake. Zamani katika karamu za wakuu wa Ulaya vyakula viliwekwa mezani vyote kwa pamoja. Katika karne ya 19 wakaiga utaratibu wa Warusi wa kuleta chakula kimoja, kukiondoa, na kuleta cha pili. Na mgeni ambaye haoni yanayomjia akahitaji karatasi ya kumwambia, asije akashiba cha kwanza akakosa nafasi ya cha tatu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kadi kwao. Kwetu, ambako bufee imetanda na kila kitu kinaonekana, kadi ya kumwambia mgeni kwamba kuna wali na kuku ni pambo tu, maana wali na kuku anawaona. Na nimekuta kadi nyingi za namna hiyo katika kumbi zetu, zimechapwa kwa maua ya dhahabu na kwa Kiingereza kitupu, katika herufi nyembamba ambazo hata kijana mwenye macho mazima huzisoma kwa kuzisogeza kwenye taa.

Kadi inayotufaa sisi ni ya kusema kile ambacho jicho halioni. Iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi nene, na kila chakula kitajwe kwa jina lake la nyumbani na kilichomo ndani: "Pilau ya ng'ombe. Wali wa nazi, hauna nyama. Kisamvu cha nazi na karanga. Mchicha, hauna karanga wala nyama. Kuku wa kupaka. Nguru wa kukaanga." Na chini yake mstari mmoja: "Nyama zote na kuku wamechinjwa na Mwislamu." Mstari huo mmoja ungalimlisha bibi yetu wa Pangani. Gharama yake si hoja; karatasi moja ya kawaida hutoa kadi mbili, duka lolote la steshenari huzichapa kwa dakika chache, na ukumbi wa watu 300 wenye meza za watu kumi kumi unahitaji kadi 30, na nyingine kubwa mwanzoni mwa kila mstari wa bufee, na kipande kidogo mbele ya kila chombo. Na kwa kuwa si kila mgeni anasoma, wala si kila anayesoma amekuja na miwani, mshereheshaji na aisome kwa sauti kabla ya kuwaita watu kwenye chakula, kwa taadhima ile ile anayowatajia wazazi wa bwana harusi.

Lakini kadi hujibu nusu ya suala. Ikiwa hakuna chakula cha mtu fulani, kumwambia kwa maandishi mazuri kwamba hakipo ni kumwongezea uchungu. Kwa hiyo yapasa kamati ijue mapema, na kujua ni kuuliza, na kuuliza ndiko kunakogongana na ile adabu niliyoanza nayo. Nimefikiri sana juu ya hili, nami naona mlango upo, na umo katika namna ya swali. Ukimwuliza mgeni, "Utakula nini?" umempimia, naye hana budi kujibu "chochote". Ukimwuliza, "Kuna chakula usichokula, kwa dini, kwa mwiko au kwa afya?" hukumpimia kitu; umemwonea huruma, umemkinga na dhara, na hapo hata mtu mwenye haya nyingi hujibu kweli, kwa sababu swali hilo ndilo alilozoea kuulizwa na mama yake na shangazi zake. Swali la kwanza latoka katika mikahawa. La pili latoka nyumbani.

Tena anayeuliza awe ni mtu afaaye. Baba wa bi harusi asimwulize mkwewe, wala mama mkwe asiulizwe na mkwe. Ni kazi ya kamati. Kwa vijana na wafanyakazi wenzetu inatosha kuandika swali hilo chini ya kadi ya mwaliko, au kulituma kwa simu pamoja na taarifa ya ukumbi, na kuwapa siku ya mwisho ya kujibu, tuseme siku kumi kabla ya harusi, ili mpishi apate muda wa soko. Kwa wazee, kadi na ipelekwe kwa mkono, mtu aketi, anywe maji, aulize habari za nyumbani, kisha swali lije kwa upole kupitia kwa mjukuu au mkaza mwana ambaye ndiye ampikiaye mzee yule kila siku. Huyo ndiye ajuaye. Mzee mwenyewe atasema anakula chochote.

Katika hoteli kubwa za katikati ya mji uko utaratibu mwingine, ulioigwa kwa watu wa Ulaya, ambapo mgeni huchagua wiki kadhaa kabla kama atapenda kuku, samaki au mboga, na siku ya karamu hukuta jina lake limeandikwa kitini pake na alama ya chakula alichochagua. Ni utaratibu mzuri kwa watu 60. Huku kwetu nimeuona ukishindwa, na sababu zake ni za wazi: kadi zetu huhama mikono. Aliyechanga aweza kupatwa na safari akampa kadi shemeji yake. Aliyepewa singo aweza kuja na mtoto. Na viti havina majina, isipokuwa katika meza kuu na meza za wazazi. Chaguo lililofungwa kwa jina la mtu hupotea jina lile lisipofika. Kwa hiyo naona ni bora chaguo lifungwe kwenye kuponi, mlangoni. Pale ambapo mtu wa kamati anaitazama kadi, awepo na mwingine mwenye kuponi ndogo za rangi, amwulize kila mgeni swali lile lile kwa sauti ya chini. Asiyekula nyama apewe ya kijani, mwenye mzio apewe nyekundu, na waliobaki wasipewe kitu, maana bufee ni yao. Mwenye kuponi haendi kupanga foleni. Huionyesha kwa mhudumu wa meza yake, akaletewa sahani iliyotengwa jikoni mapema, ikiwa imefunikwa, na upawa wake haukugusa kingine. Na mpishi aongeze sahani moja juu ya kila kumi ya hizo zilizotengwa, kwa kuwa wasioomba mapema hawakosekani.

Foleni nayo ni jambo la kufikiriwa kwa kalamu na karatasi. Ikiwa mgeni mmoja huchukua nusu dakika mbele ya bufee, na mstari ni mmoja, wageni 300 watachukua dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Mistari ikiwa minne, hawafiki dakika 40. Harusi zetu nyingi hazitoi chakula mpaka hotuba, keki, ndafu na zawadi vimekwisha, na si ajabu kusikia saa 4 usiku ndipo watu wanaitwa. Basi kwa mstari mmoja mtu wa mwisho atakula baada ya saa 6. Mwenye kisukari aliyechoma sindano yake ya insulini jioni, kwa kuamini kwamba karamu iliyoandikwa saa 12 italisha saa 2, atatetemeka na kutoka jasho na kuanguka kitini, na watu watadhani amelewa. Kadi na iseme saa ya chakula, na kamati iitimize. Na ikiwa haiwezi, mshereheshaji na atangaze tangu mwanzo kwamba mwenye dharura ya afya anaweza kupata chakula chake mapema bila ya kujieleza mbele za watu.

Wapo wanaoniambia kwamba haya ni anasa, na kwamba mgeni wa kweli hula alichokuta. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Anasa ni yale mapambo ya maua yanayonyauka kabla ya asubuhi, ambayo kamati haijapata kuyakataa kwa sababu ya bei. Wapo pia wanaohofu kwamba ukimtengea mtu chakula chake umemtenga na wenziwe, na hofu hiyo ina insafu ndani yake, maana kula pamoja ndiyo roho ya karamu. Ndiyo sababu nashauri yule asiyekula nyama asiketishwe meza ya pekee, wala sahani yake isije na mbwembwe; iwe ni wali ule ule, mchicha ule ule, na mchuzi wa nazi uliopikwa kwa bidii ile ile, si viazi viwili vilivyochemshwa kama adhabu. Nimeona mpishi mmoja wa Bunju akipika mbaazi za nazi kwa ajili ya wageni wanne wasiokula nyama, zikawa ndizo zilizoisha kwanza, kwa kuwa meza nzima ilizitaka. Na tangu siku ile yeye hupika sufuria nzima.

Mwaka uliofuata jirani huyo huyo alimwoza binti yake wa pili, na safari hii tuliuliza. Waliojibu kwa simu hawakufika hata nusu ya wageni, na kati yao wengi waliandika neno lile lile tulilolitazamia. Wazee tuliwaendea majumbani. Kuponi zilisaidia mlangoni, ingawa zile nyekundu zilikuwa chache tukalazimika kukata nyingine kwa mkasi. Bibi wa Pangani alikuja tena. Aliivuta kadi karibu, akamwomba mjukuu wake amsomee, akasikiliza mpaka mstari wa mwisho, kisha akaenda mwenyewe kwenye meza ya chakula, akapakuliwa pilau na mbuzi, na akarudi kuongeza.

Basi nawe msomaji, kadi ya Jumamosi ijayo ikikufikia, na chini yake ukakuta wameuliza kama kuna chakula usichokula, tafadhali wajibu kwa kweli, tena mapema, kabla mpishi hajaenda sokoni, usiwaandikie "chochote".